Chakula Kinachoiva Njiani

Mtu akiniuliza anunue kifaa gani cha umeme cha kupikia porini, mimi huanza kwa kumuuliza yeye: siku hiyo gari lako litakuwa likitembea kwa saa ngapi? Wengi hulishangaa swali hilo, kwa sababu wao wanawaza kambi: hema limesimama, viti vimepangwa, na birika linachemka kwa umeme wa gari lililoegeshwa pembeni. Nimepika kwa gari nikielekea Magadi, jangwa la Chalbi, milima ya Aberdare na kwingine ambako lami huisha, na msimamo wangu ni mmoja. Umeme wa gari hupika vizuri magurudumu yakizunguka. Gari likishazimwa, gesi ndiyo mpishi.

Sababu iko kwenye hesabu ndogo ambayo kila anayetoka Nairobi na jiko la umeme garini anapaswa kuifanya kabla ya kutoa pesa. Injini ikiwaka, altaneta, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini, inatoa umeme wa volti 14 hivi, na magari mengi ya zamani ya kwenda porini yana altaneta ya ampia 80 au zaidi kidogo. Zidisha, utapata wati 1,100. Toa za taa, za feni, za pampu na za kuchaji betri yenyewe. Kinachobaki si kidogo, ila hakifiki kwenye chakula, kwa sababu kinapita kwenye tundu la laita, na tundu hilo lina fyuzi, mara nyingi ya ampia 10 au 15. Ampia 10 kwa volti 12 ni wati 120. Ampia 15 ni wati 180. Birika la nyumbani ni la wati 1,500 hadi 2,200. Kwa hiyo birika dogo la gari lenye wati 150 linafanya kazi ileile kwa nguvu ya moja ya kumi au chini yake. Kuchemsha lita moja ya maji kunataka karibu moja ya kumi ya yuniti ya tokeni (yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima), hapo hujahesabu joto linalochukuliwa na upepo. Ndiyo maana utakaa dakika 40, pengine saa nzima, ukilisubiri.

Dakika 40 hizo humchosha aliyekaa kando ya birika akiwa na kikombe mkononi. Dereva aliye njiani hata hazimpitii akilini. Wati 120 kwa muda wa saa mbili ni robo ya yuniti, na robo ya yuniti inatosha kupasha chakula cha watu wanne mpaka kikatoa mvuke. Haba na haba, na barabara ya kwenda porini haikosi urefu.

Kifaa ninachokitumia kuliko vyote ni oveni ndogo ya volti 12, ile iliyo kama kibegi cha chakula cha mtoto wa shule, yenye bamba la kupasha moto chini. Usiku wa kuamkia safari napika mchuzi wa nyama au ndengu za nazi nyumbani hadi ziive kabisa, nazimimina kwenye trei ya alumini, nafunika kwa foili, naweka kwenye friji. Asubuhi trei inaingia ndani ya oveni. Naiwasha tukishapita Kiserian kwenye njia ya Magadi, foleni ya Rongai imebaki nyuma na gari limeanza kukimbia vizuri. Pale Kona Baridi bado ni sweta. Tukishuka hadi Oltepesi joto la bonde limeshaingia, madirisha yako chini, na harufu ya vitunguu na dania imejaa gari hadi watoto walio nyuma wanaanza kuuliza tutasimama wapi.

Mara ya kwanza kufungua foili ile njiani, chini ya mgunga, niliona jambo ambalo hakuna maelezo ya dukani yaliyonieleza. Pembeni na chini mchuzi ulikuwa ukitokota, vipovu vidogo vidogo vikipanda ukingoni mwa trei. Katikati, juu, nyama ilikuwa vuguvugu tu. Joto la oveni hizi linatoka chini, nalo hupanda polepole mno kwenye chakula kizito. Tangu hapo sijazi trei. Naiweka nusu, natandaza chakula kiwe chembamba, na tukisimama kuwapisha mbuzi au kupiga picha ya bonde, nafungua, nakoroga, nafunga tena. Kutoka Kiserian hadi Olorgesailie ni saa moja hivi, na hapo chakula kiko tayari. Wali uliopikwa jana unataka vijiko viwili vya maji juu yake, vinginevyo chini unakauka. Chapati hukunjwa na kulazwa juu ya foili, nje, nazo hulainika bila kupikwa upya.

Nyama mbichi siiweki humo, hata nikibembelezwa. Oveni ya wati 120 inachukua muda mrefu kuvuka kati ya nyuzi 5 na 60, na huo ndio ukanda ambamo vijidudu huzaana. Kuku aliyekaa vuguvugu saa mbili kwenye joto la Magadi anaweza kuwaangusha wote kambini, na kambini choo ni shimo. Chakula kikiwa kimeiva nyumbani na kutoka kwenye baridi, oveni inabaki na kazi moja tu ya kukipasha.

Sasa nije kwenye waya, kwa sababu hapo ndipo nimeona pesa nyingi zikiteketea, na wakati mwingine gari lenyewe likikaribia kuteketea.

Gereji moja ilinifungia tundu la laita kwenye buti ili oveni ikae nyuma. Ilifanya kazi Nairobi, ikafanya kazi hadi Marsabit. Kwenye ile barabara ya changarawe inayoelekea North Horr, yenye matuta madogo madogo yanayotetemesha kila kitu, plagi ilikuwa ikichomoka kidogo na kurudi, ikichomoka na kurudi. Tulipozima gari kupumzika nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imelainika, imeshikana na tundu, na ncha yake ya chuma imegeuka nyeusi. Tulikula mkate na parachichi siku hiyo.

Niliporudi Nairobi nililipeleka gari kwa fundi wa umeme wa magari karibu na Kirinyaga Road, mzee ambaye amefunga nyaya kabla hata ya magari yetu kuwa na kompyuta. Hakuangalia oveni kabisa. Aliniambia niwashe injini na oveni, akaweka kipimo kwenye betri: volti 13.9. Akaja nyuma, akaweka kwenye tundu: 12.1. Akaushika waya kwa kiganja, akauacha.

“Dada, shika hapa.”

Nikashika. Ulikuwa wa moto.

“Oveni yako ni nzima. Joto la kupasha chakula linaishia kwenye waya.”

“Sasa mzee, tufanyeje?”

“Tutoe huu wote. Tuvute waya wa milimita mraba sita kutoka kwenye betri moja kwa moja, fyuzi iwe hapa karibu na betri, na laita tuitupe.”

Alinieleza jambo ambalo nimelirudia kwa kila rafiki yangu tangu siku hiyo. Kifaa cha kupasha joto kikipungukiwa volti, hakipungui nguvu kwa kiasi kilekile, kinapungua zaidi. Kutoka 13.9 hadi 12.1 inaonekana ni kidogo, lakini robo ya nguvu ya oveni inakuwa imepotea. Kile ninachodhani ni oveni dhaifu ni waya mwembamba. Na fyuzi haiko pale kulinda oveni, iko pale kulinda waya. Waya unaotoka kwenye betri hadi nyuma unapita kwenye bati, na njia mbovu ikiusugua hadi ngozi yake ikatoboka, betri nzima inamwaga nguvu zake hapo. Fyuzi ikiwa nyuma karibu na oveni, waya wote ulio mbele yake hauna mlinzi. Iwe sentimita chache tu kutoka kwenye betri.

Plagi ya laita haikubuniwa kwa barabara ya North Horr. Inashikwa na springi tu. Siku hizi ninatumia zile plagi nene za Anderson, vipande viwili vinavyoumana kwa nguvu, na havichomoki hata gari likirushwa. Mafundi wengi wa sola na wa forklifti wanazijua. Nyumbani kwangu kila msafiri anayekuja kuazima oveni anapata na waya wake.

Kuhusu betri nitasema kidogo, maana wengi wameshaumia kabla yangu. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa mamia ya ampia kwa sekunde chache, kisha ijazwe. Haikutengenezwa kunyonywa polepole usiku kucha. Tulikuwa na mwenzetu Aberdare, gari lake zuri, la otomatiki. Usiku kucha friji ilikuwa ikifanya kazi, taa za kambi zikiwaka, simu zikichajiwa. Alfajiri, baridi kali, mkewe akachomeka birika la gari amchemshie maji ya chai kabla hajaamka. Birika lilikuwa la mwisho tu kwenye foleni ndefu, ila ndilo lililolaumiwa. Ufunguo ulipozungushwa, kilichosikika ni tik-tik-tik. Gari la otomatiki hulisukumi likawaka. Bila gari la pili na nyaya za kuamshia betri, wangengoja mlinzi wa mbuga apite, na mlinzi hana ratiba ya watu waliokwama.

Kipimo kidogo cha volti, kile cha kuchomeka kwenye tundu, kinauzwa Luthuli Avenue, Nairobi, kwa bei ya chakula cha mchana. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, volti 12.6 au zaidi kidogo ni betri iliyojaa. Volti 12.2 ni nusu. Ikifika hapo chomoa kila kitu, hata kama maji hayajachemka.

Baadaye nilifunga betri ya pili, ya lithiamu ya ampia-saa 100, pamoja na chaja yake inayoichaji kutoka kwenye altaneta injini ikiwaka na kuitenga na ile ya kuwashia gari inapozimwa. Ipo ndani ya gari, si kwenye boneti, kwa sababu lithiamu haipendi joto la injini. Ni gharama, na sitamsukuma mtu aingie deni kwa ajili yake. Kilichobadilika kwangu ni kwamba niliweza kuweka inveta ya wati 2,000, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na kubeba sufuria ya presha ya umeme, ile ile iliyo jikoni kwangu Nairobi.

Hapo hesabu ikawa tamu. Sufuria ya presha ya lita sita ina wati 1,000. Ikichomekwa kwenye inveta inavuta ampia 90 na zaidi kutoka kwenye betri ya volti 12, kiasi ambacho waya wa oveni ungeyeyuka. Waya wa inveta ni milimita mraba 35, mfupi kabisa, inveta ikikaa ubavuni mwa betri. Inveta yenyewe ni ya mawimbi safi. Zile za bei nafuu zenye mawimbi ya mraba hupiga kelele na kuzichanganya sufuria zenye vibonye na skrini. Lakini wati 1,000 zinatumika kwa dakika kumi na tano hivi, mpaka presha ipande. Baada ya hapo sufuria inazima na kuwaka mara moja moja tu. Maharagwe yaliyolowekwa tangu asubuhi yanaiva kwa chini ya nusu yuniti. Betri yangu ina yuniti moja na robo. Kwa hiyo napika maharagwe, nabakiza ya friji na taa, na kesho yake tukiendesha saa tatu betri imejaa tena.

Na presha porini kwetu ina maana kubwa kuliko ilivyo Mombasa. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwa nyuzi 94 hivi. Magadi, mita 600, ni nyuzi 98. Huko juu Aberdare, mita 3,000, ni nyuzi 90 tu, na unaweza kukoleza moto hadi kesho, maji hayazidi hapo. Yataruka na kupotea hewani tu. Nimeona watu wakimaliza gesi yao wakichemsha githeri huko, na mahindi bado yanagonga jino. Ndani ya sufuria ya presha joto hupita nyuzi 100, githeri inaiva, na sijali niko mlima gani. Sharti langu moja: sufuria ya presha haiwaki gari likitembea. Kifuniko chenye mvuke na shimo la barabarani havikai pamoja. Nahakikisha tumesimama, tumetandika, ndipo naichomeka.

Kuna wasafiri wa Nairobi wanaotembea na umeme mzuri na hawajui. Magari mengi yanayoingia nchini yametoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi ya yale ya mseto (yanayotumia mafuta na umeme), kama Estima, Alphard na Outlander ya kuchaji, yana tundu la ukutani ndani yake, la wati 1,500. Wajapani waliliona umuhimu wake baada ya tetemeko la Machi 2011, magari kama hayo yalipotumika kutoa umeme mahali ulipokatika. Ila tundu hilo ni la volti 100, na vifaa vyetu vya nyumbani ni vya volti 240. Birika la wati 2,000 la nyumbani likichomekwa hapo, baada ya kupata adapta, linafanya kazi kwa wati 350 hivi. Halivunjiki, linakawia tu. Sufuria yenye kompyuta ndani huenda isiwake kabisa. Aliye na gari kama hilo atafute vifaa vya volti 100 kwa wauzaji wa bidhaa za mitumba kutoka Japani, vipo mjini, na vinauzwa rahisi kwa sababu hakuna anayeweza kuvitumia nyumbani. Sufuria ya wali ya Kijapani kwenye gari la Kijapani ni ndoa nzuri sana. Na magari hayo ya mseto hujiwashia injini yenyewe betri ikishuka, kwa hiyo usiyaache yakipika ndani ya banda lililofungwa.

Hapo nieleze moshi. Injini inayonguruma papo hapo kwa ajili ya kuchemsha maji inanikera kwa sababu kadhaa. Altaneta kwenye mzunguko wa chini hutoa sehemu tu ya nguvu zake. Dizeli inateketea kwa ajili ya kikombe cha chai. Majirani wa kambi wanavuta moshi wako. Lakini linalonitia hofu hasa ni hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi; gari likisimama upande unakotoka upepo na hema likiwa upande unakoelekea, hewa hiyo inaingia hemani taratibu. Ni hewa ileile inayoua watu walioingiza jiko la makaa ndani ya nyumba au hema wapate joto. Na kiangazi, ekzosi ya gari lililotoka kupanda Nguruman ni ya moto mkali, na chini yake kuna nyasi kavu. Naegesha penye udongo mtupu, natazama chini ya gari, ndipo nafungua buti.

Kwa hiyo kambini, ukiacha ile sufuria ya presha, natumia gesi. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya karibu yuniti 13, mara kumi ya betri yangu yote ya lithiamu, na mtungi wa kilo 6 unapatikana karibu kila kituo cha mafuta. Hata nusu ya joto lake ikipeperushwa na upepo, bado umebakiwa na nyingi. Mtungi wangu unafungwa kwa mikanda ukiwa wima, valvu imefungwa, na unawashwa nje ya gari tu. Chai, mayai, ugali, hivyo ni vya gesi. Ugali unataka moto wa kukasirika, na hakuna kifaa cha volti 12 kinachoweza kuusimamia.

Swali la kuni huulizwa pia, tena na watu wanaonipenda: kwa nini nyaya zote hizi na miti imejaa? Kwenye mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kuokota kuni ovyo hakuruhusiwi, hilo ni moja. Lakini kule Shompole jioni moja alipita mama wa Kimaasai na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imekaza kipajini. Tukasalimiana, akakaa kupumzika, akaangalia sufuria yangu ikitoa mvuke bila moto. “Kuni zako ziko wapi, mama?” akaniuliza. Nikamwonyesha betri. Akacheka, akasema kwao sasa wanazifuata mbali kuliko alipokuwa msichana. Matawi makavu yaliyo karibu na njia, ambayo mgeni wa Nairobi anayaokota kwa dakika tano kwa ajili ya nyama choma ya usiku mmoja, ni ya mama huyo. Nimeamua kutoyagusa, na nawaomba wenzangu nao wasiyaguse.

Kuna kifaa kimoja kisicho na umeme ambacho kinaufanya umeme utoshe: kikapu cha kuhifadhi joto, kile kilichoshonwa kwa kitambaa na kujazwa sponji, kinachouzwa sokoni. Nyumbani ninachemsha sufuria ya mchele kwa dakika chache, ya maharagwe kwa muda zaidi, naiingiza kwenye kikapu ikiwa inatokota, nafunga, na inaendelea kuiva njiani. Kwenye gari kikapu kina faida nyingine: sufuria haisogei, imebanwa pande zote. Nikiwa na kikapu na oveni, mara nyingi sufuria ya presha haitoki kwenye sanduku lake kabisa.

Ukinilazimisha kuchagua kifaa kimoja cha umeme wa gari, nitakuacha na oveni yako nichukue friji. Ya kompresa, ya volti 12, inayovuta wati 40 hadi 60 inapofanya kazi, na hupumzika mara nyingi ikishapoa. Ile isiyo na kompresa, ya bei rahisi, haikufikishi: haishuki zaidi ya nyuzi 20 hivi chini ya joto la nje, na nje ikiwa nyuzi 38 kule Magadi, maziwa hayadumu. Friji ya kompresa ndiyo inayofanya mengine yote yawezekane, maana mchuzi ule wa oveni unaanzia kwenye baridi, na nyama ya siku ya tatu Loiyangalani inafika ikiwa salama. Friji nyingi zina kinga ya betri yenye ngazi tatu. Ikiwa umeunganisha na betri ya kuwashia gari, iweke kwenye ngazi ya juu, ijizime mapema. Ijaze chupa za maji zilizoganda kwenye friza ya nyumbani kabla ya kuondoka, usiifungue ovyo mchana, na kama una betri moja tu, izime kabisa mkilala. Baridi ya usiku itaisaidia, na asubuhi maziwa bado yatakuwa mazima.